Je, wajua kwa nini GDB hugoma kusoma setingi ulizoziweka mwenyewe kwenye folda ya projekti?

Ukianza kutumia GDB, ile dibaga (programu ya kutafutia makosa ya programu nyingine), kwenye Linux, hiki kitu utakutana nacho mapema tu. Una projekti yako ya C, umechoka kuandika komandi zilezile kila ukiwasha dibaga, ukasikia kuna faili linaitwa .gdbinit, ukiliweka ndani ya folda ya projekti GDB italisoma yenyewe, basi ukaliweka, ukajaza vitu vyako, ukawasha kwa mbwembwe. Unachopata ni onyo refu la kwamba faili lako limekataliwa na kitu kinaitwa auto-load safe-path. Sasa faili ni lako, folda ni yako, kompyuta umenunua mwenyewe, na bado unagomewa! Kisa nini?

Kisa ni kwamba lile faili sio setingi kama setingi tulizozoea. Lile ni programu kamili.

Ngoja nieleze. GDB ni dibaga ya mradi wa GNU, Richard Stallman aliianzisha mwaka 1986, na kazi yake ni kuisimamisha programu nyingine ikiwa katikati ya kukimbia ili uchungulie ndani: imefika mstari gani, imebeba thamani gani, nani kamwita nani mpaka ikaanguka. Haina vitufe wala menyu ya "Settings" ya kubonyeza, kila kitu unaandika kwenye teminali. Ukitaka strakti (thamani kadhaa zilizofungwa pamoja) zionyeshwe kwa mpangilio unaosomeka unaandika

set print pretty on

na ukitaka kujua sasa hivi imekaaje unaandika show print pretty, basi. Karibu kila set ina show yake. Na hapo ndipo penyewe, maana GDB haina lugha moja ya setingi na nyingine ya kazi, ni lugha moja tu. Unachoweza kuandika kwa mkono mbele ya (gdb) ndicho hichohicho unaweza kukiandika ndani ya .gdbinit, na yenyewe inakisoma mstari kwa mstari kama vile umekaa unataipu.

Sasa kati ya hizo komandi ipo moja inaitwa shell. Hiyo inaendesha komandi yoyote ya mfumo, yoyote kabisa. Ipo nyingine inaitwa python, nayo inakupa Python nzima ndani ya dibaga. Kwa hiyo mtu akiandika kwenye .gdbinit mstari huu

shell rm -rf ~/kazi

na GDB ikausoma bila kuuliza, folda yako ya kazi imeenda na maji. Wewe hujaendesha programu yoyote, hujabonyeza chochote, umewasha dibaga tu ukiwa umesimama ndani ya folda ya mtu.

Na kusimama ndani ya folda ya mtu ni jambo la kila siku kwa watu wa kodi. Mwalimu anasahihisha kazi za wanafunzi, kila mmoja kaleta zipu yake, anaifungua, anaingia ndani, anaandika gdb aone kwa nini inaanguka. Au umeshusha projekti ya mtu usiyemjua ili umsaidie kutafuta tatizo. Au mko wengi kwenye seva moja, mtu anakuachia .gdbinit yake ndani ya /tmp halafu anasubiri siku wewe, tena ukiwa na akaunti ya root yenye mamlaka yote, uwashe GDB ukiwa humo. Faili linaloanza na nukta hata halionekani ukiandika ls ya kawaida!

Waliopita kwenye intaneti kafe zamani hizo wanaujua huu mchezo kwa jina jingine. Ulikuwa unachomeka flashi kwenye Windows, ndani yake kuna faili dogo la autorun.inf, na kabla hujafungua hata CV yako kirusi kishaingia kwenye mashine, na kikitoka hapo kinapanda kwenye flashi ya anayefuata. Ilibidi mwaka 2011 Microsoft watoe apdeti ya kuizima hiyo tabia ya flashi hata kwenye Windows za zamani kama XP. Ugonjwa ni uleule: kompyuta inakuta faili mahali, inalitekeleza kwa sababu tu limekutwa hapo.

GDB nayo iliishi hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 2005 tatizo lake likaandikwa rasmi kwenye orodha ya mapungufu ya kiusalama kwa namba CVE-2005-1705, kwamba .gdbinit iliyo kwenye folda uliyosimama inaweza kuendesha komandi za mtu mwingine kwa mamlaka yako wewe. Halafu likaja jingine, CVE-2011-4355, hili lenyewe lilikuwa na ujanja zaidi, kwa sababu faili la programu unayoidibagi linaweza kubeba ndani yake sehemu inaitwa .debug_gdb_scripts inayoiambia GDB "nenda kachukue skripti fulani uiendeshe". Yaani hata bila .gdbinit. Toleo la 7.5 lilipotoka Agosti 2012 ndipo tukaletewa hii safe-path tunayoilalamikia leo.

Inavyofanya kazi ni rahisi. GDB ina orodha ya folda inazoziamini. Kitu kinachotaka kujiendesha chenyewe, iwe .gdbinit ya folda uliyopo au skripti inayokuja na programu, kinaangaliwa kwanza kinatoka wapi, kama hakimo kwenye hiyo orodha hakisomwi. Ukiandika show auto-load safe-path utaona kwa kawaida imeandikwa $debugdir:$datadir/auto-load, ambazo kwenye Linux nyingi ni sehemu kama /usr/lib/debug na /usr/share/gdb/auto-load, huko anayeweza kuandika ni root tu. Ndio maana pia ukidibagi C++ unaona std::vector inaonyeshwa vizuri na vitu vyake ndani bila wewe kufanya lolote, kwenye mifumo mingi zile skripti za kuipamba zinakaa hukohuko kwenye folda inayoaminika.

Kwa hiyo ukitaka folda yako ikubalike, unaiongeza kwenye orodha. Mstari ni huu, badilisha njia tu:

add-auto-load-safe-path /home/juma/kazi/hesabu

Huu mstari hauendi kwenye .gdbinit ya projekti, hiyo si ndiyo inayokataliwa! Unaenda kwenye .gdbinit ya folda yako ya nyumbani, au ~/.config/gdb/gdbinit kwa matoleo ya karibuni. Na lile onyo lenyewe, kama ungelisoma mpaka mwisho badala ya kulifunga kwa hasira, limekuandikia huo mstari kamili na faili la kuuweka. Sio wewe tu, hata watu wa keneli ya Linux (kiini cha mfumo wenyewe) wanapitia humuhumu, maelekezo yao ya kudibagi keneli kwa skripti ya vmlinux-gdb.py yanakwambia uongeze folda uliyojengea keneli kwenye safe-path, la sivyo zile komandi zao zote zinazoanza na lx- hutaziona. Lugha ya Go nayo ina runtime-gdb.py yake, ukikuta imegomewa dawa ni hiyohiyo.

Kuna njia ya mkato inazunguka sana mtandaoni, watu wanakopi bila kuuliza:

set auto-load safe-path /

Hii maana yake amini kila kitu kuanzia mzizi wa diski, yaani umezima ulinzi wote. Mimi sina shida nayo kwenye kontena ya majaribio unayoifuta jioni. Kwenye akaunti ya root au kwenye seva mnayoshirikiana, hapana, huko unarudi mwaka 2005 kwa hiari yako. Na kama shida yako ni ya siku moja tu kuna kitu chepesi zaidi, andika source .gdbinit kwa mkono ukishaingia, au washa kwa gdb -x .gdbinit ./hesabu, na GDB itasoma bila ubishi kwa sababu hapo umesema mwenyewe kwa mdomo wako. Ulinzi ni wa vitu vinavyojiendesha tu.

Sasa kwa nini ya nyumbani inasomwa na ya projekti inakataliwa, na kwa nini lazima uanze na ya nyumbani? Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu hawajui mpangilio wa GDB inavyoamka. Inaanza na setingi za mfumo mzima kama zipo, halafu .gdbinit ya nyumbani, halafu chochote ulichokipa kwa -iex au -ix wakati wa kuiwasha, ndipo sasa inaipakia programu unayotaka kuidibagi, baada ya hapo inaangalia .gdbinit ya folda uliyopo, kisha skripti za programu yenyewe, na mwisho kabisa ndio -ex na -x. Ukishaujua huu mpangilio mambo mengi yanajieleza. Mtu anaandika gdb -ex "add-auto-load-safe-path ..." halafu anashangaa bado kagomewa, wakati -ex imefika faili likiwa limeshakataliwa zamani, alitakiwa atumie -iex.

Mwingine anaweka brekipointi (alama ya kuisimamisha programu mahali fulani) kwenye .gdbinit ya nyumbani, break main, na kila akiwasha anaambiwa No symbol table is loaded. Ni kweli, programu haijapakiwa bado, GDB itaijuaje main ni ipi? Brekipointi ni mambo ya projekti, zikae kwenye faili la projekti. Ya nyumbani iwekee tabia zako wewe kama mtu.

Na hili jingine limetesa watu kuliko hata safe-path: mstari mmoja ukiwa na kosa, GDB inaachia hapohapo, mistari yote iliyobaki chini haisomwi. Umekosea spelingi mstari wa 3, mstari wa 4 mpaka wa 20 ni kama hukuandika. Inatoa ujumbe mfupi wa Error in sourced command file na namba ya mstari, halafu maisha yanaendelea, na wewe unabaki unalalamika kwamba setingi zangu hazishiki. Kwa hiyo setingi mpya unayoijaribu iweke mwisho wa faili, ikifa ife peke yake.

Kwa ya nyumbani mimi ningeweka chache tu. set history save on, kwa sababu bila hiyo GDB haikumbuki komandi zako ukishaizima, na uongeze set history filename ~/.gdb_history, la sivyo itamwaga kafaili ka historia kwenye kila folda unayoidibagi. set history size 10000 kwa sababu ya kawaida ni 256 na hizo zinaisha haraka. set pagination off kama unachukizwa na kusimamishwa kila skrini ikijaa. set disassembly-flavor intel kwa wanaosoma asembli ya x86, maana bila kuambiwa inakuja na mtindo wa AT&T wenye alama za asilimia kila kona. set confirm off inapendwa sana lakini inakuondolea lile swali la "una uhakika?" ukiwa unatoka programu ikiwa bado inakimbia, hiyo nakuachia mwenyewe.

Usidhani pia GDB ndiyo pekee yenye huu ukorofi. LLDB, dibaga nyingine, ina .lldbinit, na iliyo kwenye folda uliyopo nayo haisomi mpaka uiruhusu kwa target.load-cwd-lldbinit. Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, ilikaa miaka bila kujali, mpaka Aprili 2022 ikaletewa setingi ya safe.directory baada ya CVE-2022-24765, na siku zile seva nyingi na mashine za kujenga programu zilianza kukataa komandi za git ghafla kwa sababu folda ilikuwa ya akaunti nyingine.

Ile habari ndefu ya toleo na leseni inayojaa skrini kila ukiwasha GDB, nayo ukijaribu kuizima kwa kuandika kwenye .gdbinit utashindwa, kwa sababu inachapishwa kabla faili hilo halijafunguliwa. Kuanzia toleo la 11 kuna faili jingine linalotangulia yote, ~/.gdbearlyinit, humo unaweka set startup-quietly on na kelele zinaisha. Na siku GDB ikianza tabia usizozielewa iwashe kwa gdb -nx, hapo haisomi .gdbinit yoyote, si ya mfumo, si ya nyumbani, si ya projekti. Tatizo likipotea ujue liko kwenye mafaili yako, na info auto-load itakuonyesha kipi kilijipakia chenyewe na kipi hakikupakiwa.