Elimu kwa Umma: Saa Inahesabu Mapigo, Haijui Moyoni Mna Nini

Siku za karibuni dawati letu hapa Tanga limekuwa likipokea malalamiko kuhusu vyumba vinavyojirekebisha vyenyewe. Taa hufifia, feni huongeza kasi, sauti ya mawimbi huanza, yote kwa kufuata saa janja inayopima mapigo ya moyo mkononi mwa mtu, ili atulie. Teknolojia yenyewe si mbaya. Mwanga mkali wa usiku, hasa wa buluu, huzuia mwili kutoa melatonini, homoni ya usingizi. Taa ikigeuka rangi ya chungwa baada ya Isha, kuna faida.

Ila tuelewane: saa haisomi mawazo, wala haina jini. Inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kupima damu inavyopita, basi. Mzee mmoja wa Chumbageni alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu na kapu la machungwa ya Muheza. Kufungua mlango tu, taa zikafifia, mawimbi yakaanza. Akamwita fundi umeme. Kumbe mashine imeona mapigo yamepanda, ikaamua mzee ana wasiwasi. Hata vikombe vitatu vya kahawa barazani vingeidanganya.

Linalotuhusu sisi ni kumbukumbu za mapigo hayo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, taarifa za afya ni nyeti, na kuzichakata kunahitaji ridhaa ya maandishi iliyotolewa kabla. Mhusika anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote, bila kutoa sababu na bila malipo. Kusema "si saa kaivaa mwenyewe" siyo ridhaa. Jibu hili tumelisikia mno. Mwenye nyumba au mwajiri anayekusanya taarifa hizo anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na malalamiko hupelekwa huko. Kuzifichua kinyume cha sheria, faini kwa mtu binafsi ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni hutozwa kati ya milioni 1 na bilioni 5.

Aliyeandikiwa dawa kliniki ya afya ya akili aendelee nazo. Taa haikuandikwa na daktari.

Mzee wa Chumbageni hakuleta lalamiko. Siku hizi huivua saa chini ya ngazi, akaitia kapuni pamoja na machungwa.