Usivute kona ya kiwanja ili mchoro upendeze

Kazi iliyonishika miezi hii ni kuhamisha ramani za viwanja vya manispaa moja hapa Dar es Salaam, kutoka kwenye mafaili ya zamani kwenda kwenye mfumo mpya wa kuhariri ramani. Nikiwaeleza watu, wengi wanadhani ni kama kuhamisha picha kutoka simu moja kwenda nyingine. Ingekuwa hivyo ningemaliza ndani ya wiki. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa upimaji na mipango miji walioko halmashauri nyingine, maana zamu yao inakuja, na kwa yeyote mwenye hati anayetaka kujua mpaka wa kiwanja chake umehifadhiwaje.

Sababu ya kuhama ni nyepesi kueleza. ArcMap, programu ambayo wengi wetu tulijifunzia kazi, ilipangiwa na watengenezaji wake, Esri, kuacha kuhudumiwa Machi 2026. Lakini hata isingekuwa hivyo, mafaili yetu yalikuwa yamechoka. Tulikuwa na shepufaili, aina ya zamani ya faili la ramani, na kwenye shepufaili kila kiwanja kinajitegemea. Kiwanja namba 10 na namba 11 vina mpaka mmoja, ila ndani ya faili mpaka huo umechorwa mara mbili, na mchoraji wa pili hakupita pale pale alipopita wa kwanza. Ukikuza ramani unaiona mianya, vibanzi vyembamba kama uzi, na mahali pengine viwanja vimelaliana.

Mfumo mpya umejengwa kwa namna nyingine. Mpaka ni mstari mmoja wenye majirani wawili. Kona ni nukta moja, hata kama viwanja vinne vinakutana hapo. Mstari unabeba urefu na mwelekeo wake, kwa digrii, dakika na sekunde, kama ulivyoandikwa kwenye ramani ya upimaji. Na kila kiwanja kimefungwa na waraka uliokizaa. Kiwanja kikigawanywa, cha zamani hakifutwi. Kinawekwa kwenye historia, na waraka wa mgawanyo unabaki umeshikamana nacho.

Sasa hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Ukipakia mafaili ya zamani kwenye mfumo huu, skrini inajaa alama nyekundu za makosa. Na zana ya kuyamaliza ipo: unaiambia programu kwamba kona zote zilizo ndani ya nusu mita ni kona moja, unabonyeza, mianya inaziba, wekundu unaisha. Nimeona vijana wenye bidii wakifanya hivyo na kuleta ramani safi kabisa mezani. Nimewarudishia zote, na nitaendelea kurudisha.

Kona ya kiwanja si nukta ya kwenye kompyuta. Ni bikoni, jiwe lililozikwa ardhini na mpimaji, na koodineti zake, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo, zimo kwenye ramani iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324. Ukiivuta kwenye skrini, jiwe liko palepale. Kilichosogea ni karatasi itakayochapishwa kesho, na mwananchi atakayejenga ukuta kwa kuifuata atakuwa amejenga kwa jirani. Kwa Kariakoo, ambako majengo yanabanana ukuta kwa ukuta, nusu mita ni kesi ya miaka.

Nitoe mfano mmoja. Kulikuwa na viwanja viwili vilivyolaliana vibaya, karibu theluthi ya kimoja ilikuwa juu ya kingine. Programu ilitaka tuchague. Tungeweza kukata katikati tukaendelea na kazi. Nikateremka masjala. Mzee wetu wa masjala, nilipomwamkia na kumtajia kitalu, hata hakuinua kichwa. "Mwanangu, hapo palipangwa upya. Ramani ya kwanza ilifutwa. Itafute hiyo nyingine." Akaniletea jalada, na kweli, mchoro wa mipango miji ulibadilishwa, upimaji ukarudiwa, kimoja kati ya viwanja vile hakipo tena kisheria. Aliyeingiza data miaka ile alikuwa ameingiza ramani zote mbili. Tulichokuwa tunakiona kama kosa la mchoro kilikuwa historia iliyokosa tarehe. Tangu siku ile sijaruhusu mgongano wowote utatuliwe kabla jalada halijafunguliwa, na nimeomba mzee yule apewe kijana wa kukaa naye.

Jambo la pili lililotula muda ni mfumo wa koodineti, yaani msingi ambao namba za mahali zinahesabiwa kutoka kwake. Iko zaidi ya mmoja. Ramani zetu nyingi za upimaji ziko kwenye Arc 1960, wakati kifaa cha GPS kinakupa WGS 84, na nchi nayo ina fremu yake mpya, TAREF11. Shepufaili ikipotelewa na lile faili dogo la .prj, programu haijui namba zile ni za mfumo gani, na mtu akikisia vibaya haitoi onyo lolote. Namba za Arc 1960 zikisomwa kama WGS 84, hapa Dar es Salaam viwanja vinaruka kama mita 300 kuelekea kaskazini na karibu mita 100 magharibi. Kosa kubwa namna hiyo hugundulika haraka, nyumba zinaonekana katikati ya barabara. Linaloniogopesha ni mtu anayeliona kisha akaviburuta viwanja kwa mkono mpaka vikae juu ya paa za kwenye picha ya satelaiti. Anapata ramani inayofanana na mji, lakini kila kona imekosewa kwa kiasi tofauti, na hakuna hesabu itakayoirudisha. Badilisha mfumo kwa vigezo vinavyojulikana, kisha nenda ukahakiki kwa kupima bikoni chache zilizosalimika. Usiburute.

Majina ya safu za jedwali linalobeba taarifa za viwanja nayo. Shepufaili inakubali herufi 10 tu kwa jina la safu. NAMBA_YA_KIWANJA na NAMBA_YA_KITALU zote zinakatwa na kuwa NAMBA_YA_K, halafu programu inabandika tarakimu kwenye ya pili ili zitofautiane. Tulikuta faili ambalo namba za viwanja zilikuwa zimeingizwa kwenye safu ya vitalu, bila shaka kwa sababu hiyo.

Eneo ni suala la kuangaliwa kwa makini zaidi kwa sababu linagusa mfuko wa mtu: kodi ya pango la ardhi hukokotolewa kwa mita za mraba. Hati inasema mita za mraba 600. Mfumo unajikokotolea wenyewe unakuja na 599.5. Hakuna aliyeibiwa. Dar es Salaam iko jirani kabisa na mstari wa kati wa kanda ya 37 ya UTM (mfumo wa kuilaza dunia ya duara kwenye ramani bapa, kanda kwa kanda), nyuzi 39 mashariki, ambako vipimo vya kwenye ramani hupunguzwa kwa kigezo cha 0.9996. Kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 600, utaipata tofauti hiyo. Sisi tumeweka safu mbili, eneo la kisheria na eneo la kukokotolewa, na ile ya kwanza imefungwa. Haibadiliki bila waraka.

Halafu kuna makazi yasiyopimwa, na ni sehemu kubwa ya jiji hili. Viwanja vya leseni za makazi vilichorwa kwa kufuata picha za satelaiti. Hakuna bikoni, mpaka ni ule ambao majirani wanautambua. Havistahili kudharauliwa, watu wanaishi humo. Ila havistahili kuunganishwa kona na viwanja vilivyopimwa kana kwamba vina uhakika sawa. Kila mstari kwetu sasa una safu ya chanzo: umepimwa ardhini, umenakiliwa kutoka ramani ya karatasi, au umechorwa juu ya picha. Vikigongana, kilichopimwa hakisogei.

Mpaka leo kuna kitalu kimoja bado kina wekundu kwenye skrini. Bosi ameuliza mara mbili kwa nini tusikisafishe tukabidhi. Majalada yake yote tumeyasoma na hayajibu swali. Kwa hiyo kimebaki kama kilivyo, kimeandikwa "kinasubiri uhakiki", na Jumatatu asubuhi tunakwenda na GPS, jembe na mwenyekiti wa mtaa kutafuta mawe.