Maoni ya kujenga ni yapi, rafiki anapokupa hadithi yake usome?

Saa nne usiku rafiki anakutumia hadithi yake fupi, kurasa sita, na ujumbe mmoja: "Soma, halafu niambie ukweli." Ukimjibu "Safi sana, hongera," umemwacha pale pale alipokuwa. Ukimjibu "Haijanivutia," umemvunja moyo na bado hajui arekebishe nini. Maoni ya kujenga ni yale yanayomwonyesha mwandishi kilichompata msomaji, na ni mahali gani hasa kilimpata, ili yeye mwenyewe aamue la kufanya.

Neno zito hapo ni "mahali". Shuleni tulifundishwa kuhakiki kwa fani na maudhui: taja dhamira, eleza wahusika, toa mifano. Inafaa kwa kitabu kilichokwisha chapishwa. Mwenye rasimu hana haja ya kuambiwa kwamba dhamira yake ni kifo; ndiye aliyeiweka. Anachotaka kujua ni kwamba ukurasa wa pili uliusoma mara mbili kwa sababu hukuelewa ni nani anayesema.

Tuseme hadithi inaanza hivi: "Mama Rehema alikuwa na huzuni isiyo na kifani kwa kufiwa na mwanawe." Ukifika ukurasa wa nne, arobaini imeshapita, na Mama Rehema bado anampakulia mwanawe kila jioni, anafunika sahani kwa kawa, na asubuhi kile chakula anawamwagia kuku. Kumwambia mwandishi "ongeza hisia pale mwanzo" hakumsaidii. Mwambie: "Sentensi ya kwanza imenitajia huzuni, nikapita tu. Kwenye kawa nilisimama. Ile ya kwanza bado inahitajika?" Umemsifu na kumkosoa kwa mkupuo mmoja, tena sifa yenyewe ina kazi: inamwonyesha anachokiweza tayari. Ile desturi ya kumwaga sifa tatu kwanza mimi siiamini sana. Msikilizaji anakuwa ameshakaa mkao wa kungoja "lakini".

Kabla ya kusoma, muulize rasimu imefikia wapi. Kama ni ya kwanza, achana na tahajia. Mkato unaousahihisha leo huenda uko kwenye aya itakayofutwa kesho. Kama anaipeleka shindanoni asubuhi, basi tahajia ndiyo msaada uliobaki.

Maoni yana mpaka pia. Raymond Carver, mwandishi wa hadithi fupi wa Marekani, alikuwa na rafiki aliyekuwa vilevile mhariri wake, Gordon Lish. Lish aliupunguza mswada wa hadithi wa Carver kwa takriban nusu, akabadilisha baadhi ya miisho na hata majina ya hadithi. Tarehe 8 Julai 1980 Carver alimwandikia barua ndefu akimsihi asimamishe uchapishaji. Kitabu kilitoka 1981 kikiwa kimekatwa hivyo hivyo, na kikampa Carver sifa kubwa. Lakini mwaka 1983 alichapisha tena moja ya hadithi zile kwa urefu wake, na 2009, miaka 21 baada ya kifo chake, mswada wa awali ukatolewa kitabu kizima. Wasomaji bado wanabishana upi ni bora. Kwangu mimi, hata pale Lish alipopatia, hayakuwa maoni tena. Alikuwa anaandika hadithi ya mwenzake.

Rafiki wa kawaida hufika huko kidogo kidogo: "Mimi ningemfanya Mama Rehema aolewe tena." Hapo umeshaacha kusoma hadithi yake, umeanza ya kwako. Rudi kwenye swali: "Kwa nini chakula anawapa kuku, asikile yeye mwenyewe?" Huenda hata mwandishi hajawahi kujiuliza, na jibu likamfungulia ukurasa wa tano.

Rasimu ya pili ikija na ile huzuni isiyo na kifani ingali pale pale kwenye mstari wa kwanza, usinune. Angalia tu kama kawa ipo.