Nozeli ya jeti ndani ya handaki la upepo: dhana potofu na ukweli

Nozeli ni mdomo wa nyuma wa injini ya jeti, na handaki la upepo ni njia ambamo hewa hupulizwa juu ya mfano wa ndege ili kuupima.

Dhana: Kadiri kasi ya hewa inavyopanda, ndivyo upimaji unavyokuwa mgumu.

Eneo sumbufu kuliko yote ni lile la kuikaribia kasi ya sauti, takriban Mach 0.8 hadi 1.2 (Mach 1 ndiyo kasi ya sauti). Handaki lenye kuta zilizozibwa husongwa: mfano wa ndege huziba njia na hewa hukataa kuongeza kasi. Tena, mawimbi ya mshtuko (mikunjo ya ghafla ya mgandamizo wa hewa) karibu na Mach 1 husimama karibu wima, yakagonga ukuta na kurudi juu ya mfano, vipimo vikaharibika. Kwenye Mach 2 mawimbi hulala nyuma, na mara nyingi yanaporudi mfano umeshapitwa.

Suluhisho lilipatikana Langley, kituo cha utafiti wa anga huko Virginia, Marekani: kuta zenye mipasuo mirefu inayoipa hewa pa kupumulia. Handaki la futi 16 lilifanyiwa mageuzi hayo mwaka 1950, likiwa na pande nane na mipasuo minane. John Stack, mtafiti wa Langley, na wenzake walitunukiwa Tuzo ya Collier ya 1951, tuzo ya Marekani ya mafanikio ya anga, kwa kazi hiyo, na kwa maoni yangu ni kati ya tuzo zilizostahiliwa zaidi katika historia ya anga.

Dhana: Lazima injini halisi iwashwe.

Mara nyingi hakuna moto kabisa. Hewa kavu yenye mgandamizo mkubwa hupelekwa kwa bomba ndani ya mfano na kutokea nyuma. Kinacholindwa ni uwiano wa mgandamizo wa ndani na wa nje. Ukipita takriban 1.89, hewa hufikia kasi ya sauti kwenye koo la nozeli, yaani sehemu yake nyembamba zaidi. Ili hewa izidi kasi hiyo, nozeli lazima itanuke baada ya koo. Joto nalo lina athari zake, ndiyo maana miaka ya 1950 Langley walitumia pia haidrojeni peroksaidi kutoa gesi ya moto.

Dhana: Cha kupima ni msukumo tu.

Hapa ndipo wengi hupotea. Hewa inayopita nje, juu ya mkia unaochongoka kuelekea nozeli, ikibanduka kwenye uso wake huzaa mburuto, yaani nguvu ya kuivuta ndege nyuma, unaokula sehemu ya msukumo. Umbo la nje na mkondo wa hewa utokao ndani huathiriana, hivyo hupimwa pamoja. Kwa sababu hiyo mfano haushikiliwi kwa fimbo ya nyuma kama kawaida, maana ingeziba mdomo wenyewe. Hushikiliwa kwa nguzo au kwenye ncha za mabawa, na hewa hupitia humohumo.