"Mbona hajakimbia?" Jamani, hiyo siyo ruhusa

Kila msimu wa kuzaa wa sili (yule mnyama wa baharini, Waingereza wanamwita seal) ukifika huku Norfolk, mashariki mwa Uingereza, kuanzia Novemba mpaka Januari hivi, lazima atokee mtu wa kunisogezea simu usoni anionyeshe mtoto wa sili kampiga picha mita tatu tu, na nikikunja uso naambiwa "lakini hakusumbuka bwana, mbona hajakimbia?" Juzi nimeambiwa tena, na mtu mwenye lenzi ya 600mm begani. Yani umenunua lenzi ya kukaa mbali kwa bei ya pikipiki halafu bado umesogea.

Sasa huyo mtoto akimbilie wapi? Hawa ni sili wa kijivu, anazaliwa na kilo kama 14, manyoya meupe yasiyozuia maji, mafuta mwilini hana bado. Bahari ya huku Desemba itammaliza. Kwa hiyo analala. Ukimsogelea analala, ukizidi sana anakutolea meno. Wa kumtazama ujue kama umesumbua ni mama yake, na mara nyingi humwoni kwa sababu yupo majini, katoa kichwa tu, anasubiri wewe uondoke ndo apande kunyonyesha.

Halafu kuna wenye huruma. Eti kaachwa, eti analia. Sili hana kile kifereji cha kupeleka machozi puani, kwa hiyo akiwa nchi kavu machozi yanamchuruzika tu usoni, hata kama katoka kunyonya sasa hivi. Usimrudishe majini, usimmwagie maji, usimfunike koti lako, usimguse. Tumemaliza hilo.

Turudi kwa mama maana hapo ndo penye mambo. Ananyonyesha siku 18 mpaka 21 hivi, na kipindi hicho chote hali chakula. Maziwa yake zaidi ya nusu ni mafuta, mtoto anapanda karibu kilo mbili kwa siku, na vyote hivyo vinatoka kwenye mwili wa mama, hakuna kinachoingia. Wiki tatu zikiisha anapandwa na dume anaondoka, mtoto anabaki na mafuta aliyojaziwa mpaka ajue kuvua. Kwa hiyo kila dakika aliyoacha kunyonyesha ili akutazame wewe, kuna mtu kailipia, na siyo wewe.

Na kukimbia ni hatua ya mwisho kabisa, hicho ndo watu hawataki kusikia. Aliyetulia kalala chali au ubavu, kichwa chini, macho yamefumba, anajikuna. Hatua ya kwanza kichwa kinanyanyuka. Ya pili kinabaki juu, kimekuelekea. Kisha vichwa vya majirani navyo vinapanda kimoja kimoja, kisha mwili unageukia maji, kisha ndo mbio, na mbio za kundi zima ni mama wa kilo 150 na madume ya mpaka kilo 300 wanapita juu ya watoto. Ukisema "hajakimbia" unaniambia tu hukufika hatua ya mwisho. Na ile picha inayopata laiki nyingi, sili kakukodolea macho katikati ya lenzi? Huo ni ushahidi dhidi yako, umeuposti mwenyewe. Ile nyingine ya "anapunga mkono" nayo mara nyingi ni mama anamfukuza mtu kwa pezi.

Wageni wangu wa kutoka nyumbani, maana pwani yetu hakuna sili, wananijibu kwa Mara na Serengeti: mbona simba analala pembeni ya gari? Sawa, sasa shuka kwenye gari. Mnyama anazoea kitu kinachofanya lilelile kila siku. Pale Donna Nook, Lincolnshire, ni eneo la mazoezi ya ndege za kijeshi, ndege zinapita na kudondosha mabomu ya mazoezi na sili wamelala fofofo. Kuna uzio chini ya matuta ya mchanga, na wapo mama wanaokuja wenyewe kuzaa karibu kabisa na uzio, umbali wa hatua mbili kutoka kwa watu, kwa sababu watu wa upande ule hawavuki. Lakini mtu mmoja na kamera akizunguka kwa nje, kwenye mchanga wazi, akasimama kati yao na bahari, hapo kawafungia njia ya kutorokea, na vichwa vyote vinapanda.

Ndo maana ushauri wa kukaa mita 100 kutoka kwa sili naurudia kila siku ila moyoni siuamini kama namba. Upepo ukipuliza kutoka mgongoni kwako, mita 100 ni karibu mno, watakunusa. Kwenye uzio, mita mbili poa tu. Na kuna jambo wenzangu hawapendi niliseme: Blakeney Point, ufukwe wa huku Norfolk, mwaka 2001 walizaliwa watoto 25, leo ni maelfu, na boti za watalii kutoka Morston zinaenda kila leo. Kwa hiyo mtu akinibana kwamba fujo zetu zinapunguza idadi ya sili wa kijivu, sina cha kumjibu, idadi inapanda. Ninachojua ni kwamba idadi inapanda na mtoto yule pale bado anakanyagwa. Nayo sheria haisaidii sana, Uingereza kuua au kumjeruhi sili ni kosa, kumsumbua tu kwa sehemu nyingi siyo, kwa hiyo volontia wa Horsey, ufukwe mwingine wa sili huku Norfolk, kazi yao ni kamba, tabasamu na maneno.

Picha sasa, haraka. Milimita 400 inatosha, utakata fremu baadaye. Usisimame juu ya tuta ukaonekana na anga nyuma yako, kaa chini. Mtoto mweupe kwenye mchanga mweusi uliolowa, kamera itadanganywa na mchanga na kumuunguza, yani atatoka mweupe mtupu, punguza mwanga kidogo. Akijaza fremu ni kinyume chake, ongeza. Usipige miluzi atazame. Droni acha kwenye buti ya gari.

Na zile picha za mbali unazoona mbaya, usizifute kabla hujazuumu shingoni mwa sili. Sili wa huku, hasa wadogo, wanacheza na frizbi za plastiki zenye tundu katikati, kichwa kinaingia, mnyama anakua, plastiki haikui, inakata nyama mpaka ndani. Kwa macho huoni, kidonda kinafichwa na mikunjo, ila kwenye picha ya 400mm mstari ule mwekundu unaonekana. Ukiuona wapelekee volontia wa pale au British Divers Marine Life Rescue, shirika la kuokoa wanyama wa baharini, pamoja na picha, saa na mahali alipolala.