Maji Yananuka Dawa: Kabla ya Kufunga Bomba na Kwenda Kisimani

Mvua zikianza, maji ya mito huchafuka na mitamboni klorini huongezwa. Ndipo malalamiko yanapomiminika: maji yananuka dawa. Wengine hata hawalalamiki. Hufunga bomba wakaenda kuteka kisimani, ati ya kule hayana kemikali. Kemikali hayana, ila choo cha jirani kiko hatua kumi na tano na ardhi imelowa. Kipindupindu hupenda njia hiyo.

Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 5 za klorini kwa lita, kwa mtu anayeyanywa maji hayo maisha yake yote. Bombani zinatakiwa zibaki 0.2 hadi 0.5. Pua za wengi huinasa klorini ikiwa bado chini sana ya miligramu 5, kwa hiyo harufu si kipimo cha sumu. Na ule uvumi kwamba klorini hupunguza nguvu za kiume na kufunga kizazi, tumeujibu hadi tumechoka: kwa viwango hivi hakuna ushahidi.

Mwenye shaka aombe kupimiwa mbele yake. Mpimaji huacha bomba litiririke dakika moja au mbili, husuuza chupa kwa maji yaleyale, hukinga mililita 10, hutia kidonge cha DPD namba 1 (kemikali ya kupimia inayogeuka waridi ikikutana na klorini), hukiponda, kisha hulinganisha rangi papo hapo. Waridi hafifu ndiyo inayotakiwa. Yasipobadilika rangi kabisa, hapo ndipo pa kuogopa: huenda bomba limepasuka na uchafu umeimaliza dawa njiani.

Nyumbani, kidonge cha kutibu maji chenye miligramu 67 za NaDCC (kiambata kinachotoa klorini) hutosha ndoo ya lita 20 ya maji maangavu. Hutoa kama miligramu 2 za klorini kwa lita. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo yatiwe vidonge 2. Hata hapo ni kama 4, chini ya ukomo. Vidonge vina ukubwa tofauti, soma pakiti. Funika, subiri dakika 30. Anayekunywa bila kusubiri amekunywa harufu pamoja na vimelea. Mtungi wa udongo hupunguza klorini upesi, afadhali dumu lenye kifuniko. Yatumike ndani ya saa 24.

Hatari ya kweli iko kwingine: dawa ya madoa yenye klorini iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, au kuchanganywa na tindikali ya chooni. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafuni hakuna pa kukimbilia.

Kwa Tanzania, Sheria Na. 3 ya mwaka 2003 inamtaka mwagizaji, msambazaji, msafirishaji na mwenye ghala la kemikali za viwandani na majumbani asajiliwe na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kufanya biashara hiyo bila usajili ni kosa la jinai. Klorini ya unga inayopimwa kwa kijiko sokoni na kufungwa kwenye rambo usinunue: bila lebo hujui kama ni ya asilimia 65 au 30, na vipimo vyote vinavurugika.