Je, wajua kwa nini magonjwa ya kinga kujishambulia huandamana?

Mtu ana kisukari aina ya kwanza, miaka inapita, anaambiwa tezi ya thairoidi nayo inashambuliwa. Mama ana lupasi, binti ana baridi yabisi. Moja huumiza viungo, jingine kongosho, jingine ngozi na figo, lakini yote ni kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe, na madaktari wamezoea kuyakuta kwa mtu mmoja au ndani ya ukoo mmoja.

Jeni zinahusika, hasa zile za kundi la HLA, zinazoisaidia kinga kutofautisha seli za mwili na wageni. Ila hata kwa mapacha wa kufanana, mara nyingi huugua mmoja, mwenzake akabaki salama. Basi kuna kichochezi kutoka nje.

Mshukiwa anayetajwa sana ni kirusi cha Epstein-Barr, na habari zake zinaanzia Kampala. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, aliandika mwaka 1958 kuhusu saratani inayovimbisha taya za watoto. Vipande vya uvimbe vikapelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakakitangaza kirusi walichokiona humo. Leo inajulikana kuwa zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wanacho. Huenea kwa mate. Huku kwetu wengi hukipata wakiwa wadogo bila mzazi kugundua lolote, nacho hakitoki tena: hujificha ndani ya seli B, chembe za kinga ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazosaka vijidudu. Yaani mhalifu kahamia kituo cha polisi.

Ushahidi mzito ulitoka Januari 2022. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichambua rekodi na damu zilizohifadhiwa za wanajeshi wa Marekani, kundi la watu zaidi ya milioni 10, katika kipindi cha miaka 20. Waliopata maltipo sklerosisi, ugonjwa unaobandua utando wa mishipa ya fahamu, walikuwa 955. Hatari ya kuupata ilipanda mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi hiki. Virusi vingine havikuonyesha hivyo. Mwezi huohuo, wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kuwa kipande cha protini ya kirusi, EBNA1, kinafanana na protini ya ubongo iitwayo GlialCAM. Duniani wawili wawili: kingamwili inayomsaka mgeni inamkamata mwenyeji.

Lakini kwangu utafiti wa Cincinnati, Marekani, wa mwaka 2018 ndio unaogusa swali letu hasa. Protini nyingine ya kirusi hichohicho, EBNA2, ilikutwa imejibandika kwenye sehemu nyingi za jeni zinazohusishwa na magonjwa saba, yakiwemo lupasi, baridi yabisi na kisukari aina ya kwanza. Kirusi kimoja, milango saba.

Mbona basi sote hatuugui? Kwa sababu kirusi peke yake hakitoshi. Kuna jeni, kuna jinsia (wagonjwa tisa kati ya kumi wa lupasi ni wanawake), kuna sigara kwa baridi yabisi. Ndiyo maana kumuuzia mtu kipimo cha kirusi hiki ili ajue kama ataugua ni kumla pesa. Karibu kila mtu atakutwa nacho. Chanjo zinafanyiwa majaribio kwa binadamu, na itabidi kungoja miaka mingi ili kuona kama waliochanjwa wanaugua kwa uchache.